Fundi wa Lijamu na Mdomo wa Farasi Mkaidi

Farasi akiwa mkaidi, watu wengi hukimbilia chuma. Akitupatupa kichwa, anatafutiwa lijamu kali zaidi. Akivuta, anaongezewa wenzo. Akitoa ulimi nje, mkanda wa pua unakazwa tundu moja, kesho yake la pili. Fundi anayeijua kazi yake hufanya kinyume. Anafika bandani na sanduku lililojaa lijamu za kila umbo, analitua mlangoni, kisha kwa muda mrefu haligusi. Anamtazama farasi anavyotafuna nyasi zake. Anauliza meno yalikaguliwa lini, tandiko lilibadilishwa lini, ukaidi ulianza lini, na katika mazoezi unajitokeza mwanzoni au baada ya farasi kuchoka. Katika kazi zote zinazouzunguka mchezo wa farasi, hii ya kuchagua lijamu naiheshimu kuliko nyingine, kwa sababu nusu yake kubwa ni kusoma, na chuma huja mwisho kabisa.

Nazungumzia hasa farasi wa dresaji, mchezo uliomo katika Olimpiki tangu Stockholm mwaka 1912. Farasi na mpandaji wake huingia uwanja wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, na humo hufanya mfululizo wa miendo iliyopangwa, kila mmoja ukipewa alama kuanzia 0 hadi 10. Mgumu kupita yote ni piafe, ambapo farasi hupiga troti palepale alipo, miguu ikipanda na kushuka kwa mdundo bila mwili kusonga mbele. Yote haya anatakiwa ayafanye kama anayeyataka mwenyewe. Katika mbio za kuruka viunzi, farasi anaweza kuachama tangu mwanzo hadi mwisho na bado akashinda, mradi hakuangusha kiunzi. Katika dresaji hilo haliwezekani. Waamuzi wanautazama mdomo: je, umetulia, taya imelegea, kuna povu jembamba la mate midomoni? Mdomo ulioachama, ulimi ulioning'inia na meno yanayosagana ni dalili za farasi anayepambana na mkono wa mpandaji, na alama zinashuka.

Lijamu hukaa pale maumbile yalipoacha upenyo. Nyuma ya meno ya mbele, sita juu na sita chini, kuna sehemu isiyo na meno, kisha yanafuata magego. Madume kwa kawaida huwa na chonge katika upenyo huo. Chuma hulala hapo, juu ya ulimi na kwenye ukingo wa taya ya chini. Ukingo wenyewe ni mfupa mwembamba uliofunikwa ufizi tu, hauna nyama ya kuukinga. Na mtu akiuona mdomo wa farasi kwa nje, ule urefu wote, hudhani ndani kuna nafasi tele. Hakuna. Ulimi umejaa hadi kaakaa, na lijamu yoyote, hata iwe nyembamba namna gani, inaingia mahali palipokwisha kujaa. Hilary Clayton, daktari wa wanyama aliyetumia maisha yake kuchunguza mwendo wa farasi, alianza kulionyesha jambo hili miaka ya 1980 kwa picha za eksirei zinazotembea. Farasi waliovishwa lijamu walionekana wakiurudisha ulimi nyuma, wakikiinua chuma kwa ulimi huohuo, wengine wakikikamata kwa magego. Kile ambacho mpandaji alikiita ubishi, ndani ya mdomo kilikuwa ni kiumbe anayetafuta pa kuuweka ulimi wake.

Ndiyo maana saa ya kwanza ya fundi ni ya mikono mitupu. Anaanza na pembe za midomo: zimechanika? Kuna kovu, au ngozi iliyopoteza rangi kwa kusuguliwa? Kisha anapitisha kidole gumba pembeni, penye upenyo, naye farasi hufungua mdomo mwenyewe. Kwa ncha ya kidole anaufuata ukingo wa taya, kushoto kisha kulia. Ukingo mwingine ni wa mviringo na umetulia chini ya kidole. Mwingine ni mkali, au una kinundu kigumu mahali ambapo mfupa uliwahi kuumia na kuota upya. Anatafuta lile jino dogo lisilo na kazi ambalo baadhi ya farasi huota mbele tu ya magego, mara nyingine likiwa limejificha chini ya ufizi; lijamu ikiligonga, farasi hurusha kichwa ghafla, na mpandaji hubaki akishangaa kapatwa na nini. Anapima kwa vidole kina cha kaakaa. Halafu anafanya jambo ambalo wapandaji wengi hawajawahi kulifanya kwa farasi wao wenyewe: anaufunga mdomo, anaitenga midomo taratibu, na kutazama kama ulimi umebaki ndani au unafurika nje kupitia ule upenyo. Unaofurika ni ulimi mnene, na taarifa hiyo peke yake inaondoa nusu ya lijamu zilizomo sandukuni.

Akikuta gego lenye ncha au kidonda kibichi, kazi yake inaishia hapo kwa siku hiyo, na anayefuata ni daktari wa meno. Ni hapo ninapompima fundi. Asiye mwaminifu atauza lijamu, maana mteja ameshaandaa pesa mkononi.

Vidonda hivi havionekani kwa mtu aliyesimama uwanjani. Mwaka 2019 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kuchunguza midomo ya farasi 261 wa mbio za troti mara baada ya mashindano. Zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa na majeraha mapya mahali lijamu inapokaa, na waliokuwa na damu inayoonekana nje walikuwa wachache sana. Hao ni farasi wa mbio, wanaokokota vigari, si wa dresaji, lakini taya ni ileile na ulimi ni uleule. Katika dresaji, damu mbichi mdomoni humtoa farasi mashindanoni papo hapo. Mwaka 2010, katika mashindano ya dunia huko Kentucky, Marekani, Mholanzi Adelinde Cornelissen akiwa juu ya farasi wake Parzival, mmoja wa waliotarajiwa kutwaa medali, alisimamishwa katikati ya onyesho kwa kengele ya mwamuzi Stephen Clarke, aliyekuwa ameona wekundu katika povu. Parzival alikuwa amejing'ata ulimi. Miaka miwili baadaye farasi huyohuyo alishinda medali ya fedha ya Olimpiki jijini London. Naitaja habari hii kwa kuwa inaonyesha ukingo mwembamba ambao watu hawa wanatembea juu yake: mmoja wa farasi bora duniani, mpandaji hodari, na tone la damu linafuta kazi ya mwaka.

Tuchukue sasa farasi wa mfano, wa aina ambayo mafundi hukutana nayo mara kwa mara. Ni dume aliyehasiwa, ana miaka tisa, amefuzu ngazi za chini vizuri, lakini tangu aanze kufundishwa kujikusanya, yaani kufupisha mwendo, amekuwa akivuta mkono wa kulia, akiachama, na kila troti inapofupishwa ulimi unatokeza upande wa kushoto. Meno yake ni mazima, mgongo umekaguliwa, tandiko linamkaa. Amevaa lijamu ya kiungo kimoja yenye unene wa milimita 18. Mwenye farasi aliinunua kwa huruma. Alisikia kwamba chuma kinene hueneza mgandamizo na hivyo ni cha upole, na katika mdomo wenye nafasi hilo ni kweli. Katika mdomo wa huyu, wenye ulimi mnene na kaakaa lisilo na kina, unene uleule ni mateso. Hawezi kufunga mdomo bila kubanwa. Na hatamu mbili zikivutwa pamoja, kiungo cha katikati kinakunjika na kuukaba ulimi pande zote.

Hapa ndipo utaalamu unapojionyesha, na sichoki kuusikiliza unapoelezwa na anayeujua. Fundi hatafuti lijamu kali wala ya upole. Anatafuta ile inayoacha nafasi mahali farasi huyu anapoihitaji. Anatoa ya milimita 14, ambao ndio unene mdogo kabisa unaoruhusiwa na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, kwa lijamu sahili, isiyo na wenzo, ya farasi. Ina viungo viwili badala ya kimoja, na katikati kipande kifupi, laini, chenye umbo la punje. Imepinda kidogo kufuata mviringo wa ulimi, kwa hiyo inaulalia badala ya kuuchoma katikati. Kisha upana: kwa kijiti cha kupimia anachukua nafasi kutoka pembe hadi pembe ya midomo, anapata milimita 135, na kama pete za pembeni ni za kuzunguka anaongeza milimita kadhaa ili tundu la pete lisifinye ngozi. Ikiwa pana mno, lijamu inateleza huku na huku, na kiungo hakikai katikati. Hili la upana ndilo kosa linaloonekana zaidi mabandani, na kulirekebisha hakuhitaji ujuzi wowote, rula tu na dakika moja.

Pete nazo zina lugha yao. Zinazozunguka huru zinaipa lijamu uhai mdomoni, zinamfaa farasi anayeegemea mkono, kwa kuwa hapati kitu imara cha kuegemea. Zilizoshikamana na chuma hutulia, zinamfaa yule mwenye wasiwasi anayeogopa kila mtikisiko. Kuhusu madini, shaba huwafanya baadhi ya farasi watoe mate, wengine hawajali. Wanaouza husema mengi zaidi ya hayo. Mimi naona umbo na kipimo vina uzito kuliko madini, mara nyingi.

Mawazo haya si mapya. Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi, na humo akataka mwenye farasi awe na lijamu mbili, moja laini, nyingine yenye ncha. Ile ya ncha imfundishe farasi kutoing'ang'ania, ili akivishwa laini afanye yaleyale kwa kuifurahia. Ncha hizo leo hakuna mwamuzi angezikubali. Lakini alichokisema baada ya hapo kinasimama hadi leo. Alitaka lijamu, laini au ya ncha, iwe yenye kunyumbulika, kwa hoja kwamba ile ngumu iliyonyooka farasi huikamata yote kwa mara moja, ilhali yenye viungo, akikamata sehemu moja, nyingine inamponyoka, naye anabaki kuifuatafuata kwa ulimi na taya. Taya inayofuatafuata haiwezi kukaza. Fundi anayemchagulia farasi wetu lijamu ya viungo viwili anatumia hoja iliyoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Katikati ya zama hizo na zetu palikuwa na kipindi cha kutisha. Federico Grisone wa Napoli alichapisha kitabu chake mwaka 1550, na kurasa nyingi zina michoro ya lijamu, moja baada ya nyingine, zenye matao marefu, magurudumu na wenzo wa kupindapinda, kila ukaidi ukitafutiwa chuma chake. Michoro ni mizuri ajabu kwa mkono wa aliyeichora. Kwa farasi aliyevishwa vitu hivyo, sitaki hata kufikiri.

Waliotengeneza vyuma kwa kawaida hawakuwa wapandaji. London ina chama cha mafundi wa lijamu, vikuku vya tandiko na vichocheo vya kisigino vya kumhimiza farasi, Worshipful Company of Loriners, ambacho kanuni zake za kwanza ni za mwaka 1261. Baadaye kazi hii ilitia mizizi Walsall, mji wa viwanda katikati ya Uingereza, ambako vizazi vya wahunzi vilifua chuma kwa ajili ya farasi wa nchi nzima na wa makoloni. Anayepitisha kidole kwenye kiungo cha lijamu nzuri ataelewa walichokuwa wakikitafuta: hakuna mshono unaosikika, hakuna ukingo, kiungo kinacheza bila kulegea. Ufa mwembamba kama unywele kwenye tundu unatosha kuchana mdomo, na fundi wa leo huupima kwa ncha ya kidole kabla ya kuikaribisha lijamu yoyote kwa farasi.

Basi lijamu mpya inavishwa. Inainuliwa hadi pembe ya mdomo ionyeshe mkunjo mmoja au miwili, na mkanda wa pua unalegezwa. Juu ya mkanda huu nina msimamo mkali. Kuufunga mdomo kwa nguvu ni kuficha ushahidi. Farasi asiyeweza kuachama hawezi kumweleza fundi kitu. FEI yenyewe mwaka 2025 ilianza kutumia kifaa kimoja cha kupimia nafasi iliyopo kati ya mkanda na mfupa wa pua, baada ya miaka mingi ya kutegemea vidole vya wakaguzi, ambavyo vinatofautiana unene kama watu wenyewe. Ilichelewa, lakini ilifika.

Mpandaji anapanda. Dakika za kwanza farasi anacheza na kitu kigeni, anakitafuna, anakisukuma kwa ulimi. Fundi hasemi neno. Anatazama masikio, shingo, mkia, kisha ndipo mdomo. Katika troti fupi, pale ulimi ulipozoea kutokeza, anasogea upande wa kushoto na kusimama hapo. Ulimi ukibaki ndani, bado hashangilii, kwa kuwa farasi wengi hupendeza siku ya kwanza kwa lijamu yoyote mpya. Maumivu ya zamani yamehama na mapya hayajapata pa kukaa. Jibu la kweli huja baada ya wiki mbili au tatu. Na kanuni yake ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha lijamu, mkanda na tandiko siku moja hatajua kamwe kilichosaidia.

Na ule mkono wa kulia? Lijamu haitautibu. Mara nyingi farasi anayevuta upande mmoja ana mpandaji anayeshika upande mmoja. Mkono mzuri katika dresaji hufanana na shingo ya mwanamke aliyejitwika mtungi: mwili unatembea, unapanda na kushuka, na kile kilichobebwa hakijui. Fundi stadi hulisema hili kwa upole na kwa wazi. Wapo wasiolisema, kwa kuchelea kumkera mlipaji, na hapo farasi huanza safari ya kuhamishwa kutoka lijamu moja hadi nyingine, hadi sanduku la bandani linajaa na yeye yuko vilevile.

Katika ngazi za juu huongezwa lijamu ya pili, ya wenzo, na mpandaji hushika hatamu nne. Chuma cha chini hakina kiungo, kina mikono miwili ya pembeni na mnyororo unaopita chini ya kidevu. Hatamu ikivutwa kidogo, taya hubanwa kati ya chuma na mnyororo, na mgandamizo hufika hadi nyuma ya masikio. Kanuni za FEI zinaweka kikomo cha sentimita 10 kwa sehemu ya mkono iliyo chini ya chuma. Chombo hiki katika kidole tulivu kinaweza kunong'ona, na nimevutiwa na wapandaji wanaokitumia hatamu ikiwa imelegea kidogo muda wote. Kwa farasi mkaidi, hata hivyo, ndicho chombo cha mwisho kufikiriwa, na mafundi wengi ninaowaamini hawamvishi mpaka lijamu sahili iwe imekubalika kabisa. Mdomo uliokuwa hauna nafasi ya chuma kimoja utavipokeaje viwili? Uingereza, katika mashindano yake ya kitaifa, inawaruhusu wapandaji kutumia lijamu sahili hadi ngazi ya juu kabisa, Grand Prix, na naona nchi zote zingepaswa kufuata.

Ukipata kuutazama mchezo huu, iwe kwenye televisheni wakati wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 au uwanjani huko uliko, acha miguu kwa dakika moja. Tazama mdomo wa farasi katika piafe, na tazama nafasi iliyoachwa chini ya mkanda wa pua. Na kama wewe ndiye mwenye farasi anayetupa kichwa, usinunue lijamu nyingine wiki hii. Mwite kwanza daktari wa meno.